Vibati Ndani ya Koti

"Hivi mumeo ana homa gani hiyo isiyoisha, kila siku koti, na jua lote hili?"

Mwanawetu aliniuliza hivyo tukiwa kisimani, mwaka 1950, miezi ile ya kiangazi ambayo Nachingwea nzima ilikuwa vumbi la matrekta ya Mpango wa Karanga wa Waingereza, majani ya miti yamegeuka mekundu. Mwanawetu ni jirani yangu, nyumba yake na yangu zinapakana uani, na ni mtu wa kuuliza. Nilicheka. Nikamwambia Shaibu huondoka kabla ya alfajiri kwenda kuwasha trekta, na alfajiri ina baridi yake.

"Na saa saba mchana? Saa saba nayo ina baridi?"

Nikajitwisha debe langu nikaenda zangu. Jioni nilimuuliza mwenyewe. Alisema koti ni zuri, kwa nini alilaze sandukuni liliwe na mende. Na kweli lilikuwa zuri, la kijeshi, zito, alilinunua kwa mtu aliyetoka vitani Burma. Sikuuliza tena.

Koti hilo halieleweki bila kujua habari ya vibati.

Karibu na stesheni ya reli kulikuwa na duka kubwa ambalo tajiri wake alikaa Lindi, sisi hatukumwona hata siku moja. Aliyesimama kaunta ni Bwana Kornel, Mmakua wa upande wa Masasi, aliyesomea misheni, mtu mpole. Ukinunua vitu vya shilingi mbili kwa mara moja, Kornel alikupa kibati, kiduara cha bati kama senti kumi, kina tundu katikati na kimegongwa nyota. Ukinunua vya shilingi moja na nusu hupati kitu, na kesho ukirudi na shilingi moja na nusu nyingine, hupati vilevile. Kwa hiyo watu waliongeza. Mtu amekuja kutafuta chumvi, anatoka na chumvi, na viberiti, na kopo la siagi ambalo nyumbani kwake hakuna anayejua linaliwaje.

Nyuma ya Kornel, kwenye rafu, zilipangwa zawadi. Chini kabisa sabuni, mche mmoja kwa vibati kumi. Juu yake sufuria, kisha blanketi, kisha taa ya karabai. Na juu ya vyote, karibu na dari, kilikaa kinu cha chuma cha kusagia kwa mkono, cheusi, mpini wake mwekundu. Hicho kilikuwa vibati mia moja na hamsini.

Siku moja nilimuuliza Kornel, kwa kuwa napenda kujua kitu kabla sijakiamini. "Bwana Kornel, kibati hiki kimoja thamani yake nini?"

"Kikiwa peke yake, mama, hakina thamani. Hata kiberiti sikupi."

"Na vikiwa tisa?"

"Tisa ni hakuna, mara tisa." Akacheka kidogo. "Kinaanza kuwa kitu siku kinapokamilika na wenzake. Kabla ya hapo ni bati tu."

"Na mwenye kuishia njiani?"

"Aliyeishia njiani ndiye anayemnunulia mwingine kinu," akasema, kisha akatazama mlangoni kama aliyesema neno la kumponza.

Nililibeba neno hilo nyumbani. Nilikuwa nimeshaona kwamba sukari ya pale ilizidi bei ya sokoni, si kwa kiasi cha kulalamikia, senti chache tu, na mafuta ya taa vivyo hivyo. Nikamwambia Shaibu, kinu hicho tunakilipa kila siku, na bado kiko juu ya rafu ya mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akasema, "Hajira, fedha ikiwa mkononi mwangu tutaila. Hivi vibati hatuwezi kuvila."

Kwa nini kinu? Mimi sina mtoto. Nilijaliwa wawili, wote Mwenyezi Mungu aliwachukua kabla hawajaanza kusema. Na Shaibu alinizidi umri sana. Alikuwa akiniambia, "Mimi nikitangulia, wewe usirudi kukaa uani kwa mtu, unahesabiwa tonge. Watu wa Karanga ni wengi, wake zao wamechoka kutwanga. Ukiwa na kinu cha chuma watakuja kwako na mahindi yao, kila mmoja akuachie kibaba. Utakula cha jasho lako, mlango ni wako." Kwa hiyo kinu kile kilikuwa hicho. Kilikuwa mlango wangu.

Alipokaribia kukamilisha, amri ikatoka Lindi. Kinu kimepanda, sasa ni vibati mia mbili. Watu walimlalamikia Kornel, naye akasema, "Mimi nasimama hapa tu. Wao ndio waliovigonga vibati, wao ndio wanaosema vinafika wapi." Baada ya wiki chache wakatangaza kitu cha kuwapoza watu: atakayenunua sigara atapewa vibati viwili mahali pa kimoja.

Shaibu hakuwa mvutaji. Alianza kununua sigara ili awauzie wenzake kambini. Zile zisizouzika alisema ni haramu kutupa mali, akawa anazivuta yeye jioni, kwanza moja, kisha zaidi. Nilimwambia na hiyo nayo ni haramu. Kikohozi kilianza kabla ya mvua. Mvua zilipokolea, mwezi wa kwanza, homa ya kifua ikamwangusha, na hakuinuka. Alikufa siku ya Jumatano, jua likiwa juu. Sisemi ni sigara. Ajali ya mtu anaijua Aliyeiandika. Nasema nilichokiona.

Mzee Amiri ndiye aliyemwosha. Kwetu mwosha maiti hupewa nguo za marehemu. Si malipo, ni heshima, na ni sadaka kwa yule aliyelala. Siku ya tatu, mdogo wake Shaibu, Saadi, aliyekuja kutoka Ruangwa kwa lori, alikusanya kanzu, shuka, kofia na koti, akampa Mzee Amiri mbele ya watu. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimeshaingia eda. Nilisikia wanaomba dua. Sikuona kilichotoka.

Watu walipotawanyika nikakumbuka vibati. Mwanawetu alikuja kunisaidia kutafuta. Tulipekua sanduku, tukamwaga chungu cha mbegu, tukachimba chini ya miguu ya kitanda. Mwanawetu alikuwa ameinama na jembe mkononi, jasho linamtoka, nami nikimtazama mgongo, lile swali lake la kisimani likanirudia. Nikakaa chini.

"Acha kuchimba," nikamwambia. "Vipo kwenye koti."

Akageuka. "Koti lipi?"

"Uliloniuliza."

Akaliweka jembe chini polepole. "Na koti liko kwa Mzee Amiri."

Alitaka kwenda saa ileile. Nikamkataza. Nitamtuma mtu akadai vipi kitu kwenye nguo iliyotolewa sadaka, na dua imeshasomwa juu yake? Kitu gani nilikuwa nimetoa na kitu gani sikutoa, sikujua. Nilisali, nikamwachia Mungu.

Ijumaa iliyofuata baada ya sala, Mzee Amiri akabisha hodi. Alikaa barazani upande wake, mimi nyuma ya pazia, Mwanawetu kati yetu kwenye kizingiti.

"Mwanangu," akasema, "nimewaosha watu wengi. Marehemu wananipa nguo, hawanipi aibu. Wa kwako amenipa vyote viwili."

"Kuna nini, baba?"

"Nimelifua lile koti. Nikaona sufi ya ndani imejikusanya pembeni. Nikasema si kitu, nikalivaa leo nikaenda nalo msikitini. Kusimama, kimya. Kurukuu, likalia. Kusujudu, likalia zaidi. Mbuzi mwenye njuga ana nafuu. Watoto safu ya nyuma wamecheka mpaka imamu amekohoa."

Mwanawetu alijifunika mdomo kwa kanga. Hata mimi, Mungu anisamehe, katika eda yangu, nilitabasamu.

"Nimefumua bitana," akaendelea. "Ni vile vibati vya dukani. Alivishona safu kwa safu, na sufi katikati visigongane. Mikono ya mwanamume, mshono mbaya, lakini imara." Akasukuma kifurushi kwenye kizingiti. "Chukua."

"Baba, koti ulipewa wewe."

"Nilipewa koti. Sikupewa duka."

Vilikuwa mia mbili na vinne. Kumbe alikuwa ameshakamilisha, labda alisubiri mwezi uishe, labda alitaka kunishangaza. Mwanawetu alivipanga mkekani kumi kumi, alipofika mwisho akashusha pumzi.

"Kesho mapema nakwenda kwa Kornel," akasema. "Mpagazi wa kukibeba nitampata stesheni."

"Kesho utamtafutia Saadi mtu wa kumpelekea habari," nikamwambia. "Hii ni mali ya marehemu. Ina warithi."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa. "Dada Hajira. Saadi hajui kama vibati hivi vipo duniani. Mzee Amiri ni kaburi. Mimi ni mimi."

"Na Mungu?"

"Mungu ndiye aliyevirudisha mlangoni kwako!"

"Amevirudisha anione nitavifanya nini."

Alikusanya vibati akavifunga, na mafundo yake yalikuwa makali. Lakini asubuhi alimpata dereva wa lori la Ruangwa, akampa ujumbe kama nilivyosema.

Saadi alikuja. Si mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Ana mke na watoto, analima ufuta na mihogo, anasali. Alilia tena alipoona vile vibati, akavishika kimoja kimoja. Mzee Amiri aliitwa akagawa kama sheria inavyosema: mke asiye na mtoto robo, kinachobaki ni cha ndugu. Mimi hamsini na kimoja. Saadi mia moja na hamsini na vitatu.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sheria haina kosa nalo, wala sisi hatukuwa tumelifikiria. Ng'ombe ukimgawa, kila mtu anakula nyama. Shamba ukiligawa, kila mtu analima kipande chake. Vile vibati vilipokuwa pamoja vilikuwa kinu. Vilipolala mafungu mawili mkekani, fungu langu lilikuwa sufuria, fungu lake lilikuwa taa, na kinu hakikuwepo tena popote isipokuwa kwenye rafu ya Kornel.

"Shemeji," nikasema nyuma ya pazia, "tuviunganishe. Kinu kije, kikae hapa, na katika kila debe la unga nitakalopata, robo tatu ni zako mpaka useme umetosheka."

"Mali ya kaka yangu ikae na mwanamke peke yake, mjini hapa, wanaume wa kambini wanaingia na kutoka na magunia? Ruangwa watanisemaje?"

"Watakaokuja ni wanawake."

"Leo wanawake." Akakohoa. "Kinu kije Ruangwa. Na wewe uje nacho. Nyumba yangu ina nafasi, shemeji, na mke wangu mama Fatu hana neno. Kaka hawezi kuacha..."

"Saadi," Mzee Amiri akamkata, "mwanamke yuko edani. Maneno hayo hayasemwi."

Saadi aliomba radhi. Alivifunga vyake kwenye leso akaondoka navyo, na mimi vyangu nikaviweka chini ya mto. Usiku huo nilimwambia Shaibu katika dua yangu kwamba nimetenda kwa haki. Sikuwa na lingine la kumwambia.

Mwaka huo serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba Mpango wa Karanga unasimamishwa. Tuliona matrekta yakipangwa mstari na kuachwa, nyasi zinapanda kwenye magurudumu. Kila treni iliyoshuka kwenda pwani ilijaa watu na masanduku yao. Mwezi wa nne Mwanawetu alirudi kutoka dukani bila kuvua kanga kichwani, akasimama mbele yangu.

"Kornel anakusalimu. Anasema tajiri anafunga. Siku ya mwisho wa mwezi huu vibati vinakufa. Atakayekuja kesho yake atakuta bati tu."

"Hata vilivyokamilika?"

"Hata vilivyokamilika. Nilimwambia watu wamevinunua kwa miaka. Akasema hamkuvinunua, mlipewa. Hivyo ndivyo walivyomwandikia kutoka Lindi."

Nikatuma tena kwa Saadi, kwa dereva yuleyule. Nilimwambia aje upesi na vyake, kinu kitoke kwanza dukani, kikae kwangu au kwake tutaongea kikiwa mikononi mwetu. Nilimtaka dereva arudie maneno mara mbili mbele ya Mwanawetu ndipo aondoke. Baada ya siku kadhaa dereva akarudi na jibu. Saadi amesema asiharakishwe.

"Chukua sufuria basi," Mwanawetu akanisihi. "Watu wamejaa pale kama nzige. Leo zipo, kesho hazipo."

Lakini nikipeleka vyangu, vya Saadi peke yake havifiki kinu hata akija mbio. Vyangu ndivyo vilivyovikamilisha vyake. Nikangoja. Kila lori lililopita nilisikiliza kama litapunguza mwendo. Siku ya mwisho, baada ya alasiri, nilimpa Mwanawetu lile fungu.

Alirudi magharibi imeshaingia, na miche mitano ya sabuni. Sufuria zilikuwa zimekwisha tangu juzi, blanketi na karabai vilevile. Sabuni hizo Kornel alikuwa amezificha chini ya kaunta kwa ajili yangu. Na kibati kimoja kilibaki. Mwanawetu alikiweka kiganjani mwangu.

"Na kinu?" nikauliza.

"Kipo. Hakuna aliyekifikia. Kornel anakifungia makuti, kinarudi Lindi na treni." Akakaa, akaanza kusugua miguu yake. "Nimekishika, dada. Nilimwomba akishushe nikishike tu. Kizito. Kingesaga hata mawe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ingawa sijui kingesaga cha nani. Kambini moshi wa jiko ni mmoja mmoja."

Saadi alikuja siku mbili baadaye. Alikuwa ameshapita dukani, tulijua kwa vumbi la mbao mpya kwenye kanzu yake, kwani alijaribu kuchungulia penye mbao zilizogongwa mlangoni. Mwanawetu alimtandikia mkeka, akakaa kizingitini kama siku ile. Saadi aliiweka leso yake chini, ikatoa mlio.

"Pamefungwa," akasema.

"Nilikutumia habari, shemeji."

"Ilifika."

Nje kulikuwa na kuku anayeparua majivu.

"Nilidhani si kweli," akasema. "Nilisema, duka kubwa namna ile litafungwa vipi? Nilisema hawa wanawake wawili wanataka niviachie, wachukue kinu, kisha nikose kinu na nikose..." Akaigusa leso. "Nilidhani ni ujanja. Wako na wa huyu jirani yako."

Mwanawetu hakuinua macho. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na aliendelea kuuchambua.

"Eda ikiisha utakula nini?" Saadi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Sisemi lile neno. Nauliza tu, utakula nini hapa, mji unahama?"

"Kinu cha mti kipo pale nje," nikasema. "Na mchi upo. Nitatwanga kwa waliobaki."

"Kwa mikono."

"Ndiyo niliyonayo."

Akatikisa kichwa, akaivuta leso kidogo, akaiacha. "Kaka alihangaika bure."

Hapo Mwanawetu akaweka ungo chini.

"Bwana Saadi," akasema, "vile vibati vilirudi humu ndani Ijumaa, sisi tupo watatu tu, na wewe uko Ruangwa. Mimi nilimwambia huyu afunge mdomo. Yeye akaniamsha alfajiri nimtafute dereva akuite uje uchukue fungu lako. Kama ujanja ungekuwepo katika nyumba hii, wewe mpaka leo usingejua kama kulikuwa na kitu cha kugawa."

Saadi alimtazama. Kisha akalitazama pazia, mahali ambapo alijua nimekaa. Mdomo wake ulifunguka, nikangoja. Akainuka, akaikunja sehemu yake ya mkeka kama mgeni mwenye adabu, akaiacha leso na vibati vyake pale pale chini. Akavaa viatu mlangoni, akatoka.